Timu Inajifunza Nini Inapotolewa Kwenye Mtoano

Kila mwaka ifikapo Aprili, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, NBA, inapomaliza mechi zake 82 za msimu wa kawaida na timu 16 kuingia katika hatua ya mtoano, huanza kusikika hoja ileile kwenye matangazo, magazetini na katika makundi yetu ya WhatsApp: timu fulani ni nzuri, lakini haitafika mbali kwa sababu haina uzoefu. Hoja hiyo hutolewa kwa uhakika mkubwa, na ni mara chache mtoaji wake huulizwa uzoefu huo ni kitu gani hasa na unamsaidiaje mtu kutia mpira kikapuni. Mimi naamini uzoefu wa mtoano upo na una nguvu. Naamini pia kwamba wengi wetu tunautafuta mahali usipokuwapo, yaani katika umri wa wachezaji na idadi ya mechi walizocheza, ilhali kazi yake kubwa hufanyika katika miezi ya mapumziko baada ya timu kutolewa, pale viongozi na wachezaji wanapoamua wafanye nini kuhusu udhaifu ambao mpinzani ameuanika mbele ya dunia nzima.

Mfano ninaourudia zaidi ni fainali ya 2022 kati ya Golden State Warriors na Boston Celtics, kwa sababu ndani yake hoja zote mbili, ya wanaouamini uzoefu na ya wanaoupuuza, zinapata ushahidi. Kabla ya mechi ya kwanza takwimu moja ilitajwa kila mahali: wachezaji wa Warriors kwa jumla walikuwa wameshacheza mechi 123 za fainali, na wa Boston hawakuwa na hata moja. Kwa saa za Afrika Mashariki mechi nyingi za fainali ile zilianza saa kumi alfajiri, na sisi tuliokuwa macho wakati huo kwa ajili ya mechi ya kwanza tuliiona Boston ikiingia robo ya nne ugenini, San Francisco, ikiwa nyuma kwa 92 kwa 80. Kama uzoefu ungekuwa dawa ya hofu, basi hapo ndipo wageni wale wa fainali walipopaswa kuporomoka. Badala yake waliishinda robo hiyo kwa 40 kwa 16 na kuondoka na ushindi wa 120 kwa 108. Al Horford, ambaye alikuwa amecheza mechi 141 za mtoano bila kufika fainali hata mara moja, alifunga pointi 26, zikiwamo za mitupo sita ya pointi tatu.

Kisha ikaja mechi ya nne. Boston ilikuwa nyumbani, ikiongoza kwa mechi 2 kwa 1, na zikiwa zimebaki dakika tano na ushei ilikuwa mbele kwa 94 kwa 90. Kuanzia hapo hadi mwisho Warriors walifunga pointi 17, Boston wakafunga tatu tu. Ukizitazama tena dakika zile bila kelele za mtangazaji, huoni watu wanaotetemeka. Unaona timu ambayo shambulizi lake la kwanza likizibwa haina la pili lililo tayari: mpira unashikwa muda mrefu na mtu mmoja, wenzake wanne wanasimama, muda unaoruhusiwa kabla ya kurusha unakaribia kuisha, na hatimaye inarushwa mitupo migumu kutoka mbali. Upande wa pili Stephen Curry, aliyemaliza na pointi 43, alikuwa anawekewa na wenzake kizuizi kilekile cha kumzuia mlinzi wake, mahali palepale, na mlinzi wa Boston alipojaribu kubadilisha namna ya kumkaba, Warriors walishajua mwanya utatokea wapi. Boston walipopunguza pengo hadi pointi tatu dakika ya mwisho ikikaribia, mpira ulimfikia Draymond Green wa Warriors, naye bila kusita akampa Kevon Looney chini ya kikapu. Pasi ile haikuhitaji ushujaa wowote. Ilihitaji watu ambao walikuwa wameshakutana na tatizo lile mara nyingi, pamoja, hata hawana haja ya kulijadili.

Hapa ndipo ninapotofautiana na maelezo ya kawaida. Wachambuzi wengi walisema Boston walikosa utulivu. Lakini timu iliyokuwa imeshacheza mechi 18 za mtoano mwaka uleule, ikaitoa Brooklyn, ikaitoa Milwaukee kwa mechi saba na Miami kwa mechi saba, haiwezi kuitwa timu isiyojua shinikizo. Walichokosa ni jibu la swali mahususi ambalo Warriors walikuwa wamelibaini kufikia mechi ya nne: Jayson Tatum na Jaylen Brown wakilazimishwa kuingia katikati ya msitu wa mikono, watapoteza mpira. Tatum alimaliza mtoano ule akiwa amepoteza mpira mara 100, rekodi ambayo hakuna mchezaji angependa kuwa nayo. Kwa macho yangu, utulivu ambao tuliusifia kwa Warriors na kuukosa kwa Boston ulikuwa tunda la kujua. Mtu anayejua kitakachofuata huonekana mtulivu.

Ili kuelewa kwa nini jambo hili hujitokeza kwenye mtoano na si Januari, ni lazima tukumbuke jinsi mechi hizi zilivyopangwa. Katika msimu wa kawaida timu hukutana na mpinzani mpya karibu kila mechi, mara nyingine siku mbili mfululizo katika miji miwili, na kocha hana muda wa kuandaa mpango mzito dhidi ya timu ambayo ataiacha nyuma kesho asubuhi. Katika mtoano mpinzani ni mmoja kwa mechi hadi saba, kuna siku ya mapumziko kati ya mechi na mechi, na makocha wasaidizi hukesha wakitazama video. Wachezaji tisa au kumi waliokuwa wakipokezana hupungua kuwa saba au wanane. Timu humtafuta mlinzi dhaifu kuliko wote upande wa pili, humleta kwenye mpira kwa skrini, yaani kizuizi cha mchezaji anayesimama njiani mwa mlinzi, na kumshambulia tena na tena mpaka kocha wake amtoe. Asiyejua kurusha kutoka mbali huachwa peke yake, na mlinzi wake huenda kusaidia kuziba njia ya nyota. Udhaifu ambao ungeweza kufichika kwa mechi 82 hufichuliwa kwa mechi tatu. Ndiyo maana mchezaji anaweza kuwa na wastani mzuri kuanzia Oktoba hadi Aprili kisha mwezi wa Mei asiweze hata kubaki uwanjani.

Uzoefu wa mtoano, kwa hiyo, kwanza kabisa ni taarifa. Timu iliyotolewa hupewa bure, ingawa kwa uchungu, ripoti kamili ya kasoro zake, iliyoandikwa na makocha bora duniani waliokuwa na wiki mbili za kuichunguza. Swali linalobaki ni kama ripoti hiyo itasomwa.

Sijaona aliyeisoma ripoti yake vizuri kuliko LeBron James baada ya fainali ya 2011. Miami Heat walikuwa na nyota watatu, walikutana na Dallas Mavericks, na katika mechi ya pili walikuwa wakiongoza kwa pointi 15 robo ya nne kabla ya Dallas kurudi na kushinda 95 kwa 93. Dallas walishinda fainali 4 kwa 2. James alimaliza na wastani wa pointi 17.8, na katika mechi ya nne alifunga nane tu. Wengi walizungumzia moyo wake, kama kawaida. Lakini kilichoonekana uwanjani kilikuwa cha kiufundi: Dallas walirudi nyuma wakaziba njia ya kikapu, wakamkabidhi nyakati fulani kwa walinzi wafupi na wepesi wa umbo, akiwamo J. J. Barea ambaye hafiki hata sentimita 185, na James hakuwa na mbinu ya kumgeuzia mtu mgongo karibu na kikapu na kumwadhibu kwa umbo lake. Kiangazi hicho alikwenda Houston kufanya mazoezi na Hakeem Olajuwon, Mnigeria ambaye miguu yake chini ya kikapu ilikuwa ya ajabu kuliko ya mtu yeyote wa enzi zake. Mwaka uliofuata James alirudi fainali, akawa na wastani wa pointi 28.6, akicheza sana karibu na kikapu, na Miami wakachukua ubingwa kwa 4 kwa 1. Uzoefu wa 2011 peke yake haukumpa ubingwa. Uzoefu ulimwonyesha mahali pa kufanyia kazi, naye akaifanya kazi hiyo.

Walioshindwa katika fainali ile ya 2012 walikuwa Oklahoma City Thunder, na hadithi yao ndiyo inayoniuma zaidi katika suala hili zima. Kevin Durant, Russell Westbrook, James Harden na Serge Ibaka, kijana wa Brazzaville, wote walikuwa na umri wa miaka 23 au chini yake. Walipanda ngazi kama vitabu vinavyotaka: mwaka 2010 walitolewa na Lakers katika raundi ya kwanza, 2011 wakafika fainali ya Kanda ya Magharibi wakatolewa na Dallas, 2012 wakawatoa Dallas, Lakers na San Antonio Spurs kwa mpigo na kufika fainali. Kila mtu alisema wamelipia ada, na kwamba sasa zamu yao imefika. Oktoba mwaka huohuo, siku chache kabla ya msimu kuanza, Harden akauzwa Houston baada ya mazungumzo ya mkataba kushindikana. Watanzania walikuwa na sababu ya ziada ya kuifuatilia timu hiyo, kwa kuwa Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alijiunga nayo Julai 2012, na nadhani wengi wetu tulianza msimu ule tukiamini kwamba tutamwona Mtanzania katika fainali. Haikuwa hivyo. Westbrook aliumia goti 2013, timu ikatolewa na Memphis. Mwaka 2016 waliongoza 3 kwa 1 dhidi ya Warriors katika fainali ya kanda na wakapoteza mechi tatu mfululizo, ya sita ikiwa nyumbani kwao ambako Klay Thompson wa Warriors alitia mitupo 11 ya pointi tatu. Durant akaondoka Julai, akajiunga na Warriors haohao. Uzoefu wote ule uliokusanywa kwa miaka sita ulitawanyika katika miji mitatu tofauti. Kila mchezaji alibaki na sehemu yake, lakini kile walichokuwa wanakijua pamoja kilikwisha siku kundi lilipovunjika.

Jambo hilo la pamoja nalipa uzito mkubwa, kwa kuwa kuna mifano ya watu waliokusanya uzoefu wa mtu mmojammoja wakidhani watapata uzoefu wa timu. Lakers wa 2004 walikuwa na Shaquille O'Neal na Kobe Bryant wenye mataji matatu, wakawaongeza Karl Malone na Gary Payton, ambao wote walishacheza fainali na kushindwa na Chicago. Ukihesabu mechi za mtoano kwa vichwa, sijui kama kumewahi kuwa na timu tajiri kuliko ile. Detroit Pistons wakawafunga 4 kwa 1. Ni kweli Malone alikuwa na goti bovu, na sitaki kulipuuza hilo, lakini Detroit walikuwa watu watano waliojua kila mmoja mwenzake atasogea wapi, na Lakers walikuwa watu mashuhuri waliokutana kwa mwaka mmoja.

Kuna tatizo jingine katika hoja ya uzoefu ambalo ni lazima lisemwe kwa uwazi. Mchezaji hapati mechi 150 za mtoano kwa bahati. Anazipata kwa sababu yeye na timu zake ni wazuri, na timu nzuri hucheza hadi Juni. Kwa hiyo tunapoona timu zenye mechi nyingi za mtoano zikishinda, sehemu kubwa ya tunachokiona ni ubora wao tu, uliovaa jina la uzoefu. Ili kuutenganisha uzoefu na ubora, inabidi utazame timu zilizokuwa bora bila kuwa na uzoefu, na hizo zipo za kutosha kumfanya mtu apunguze uhakika. Portland Trail Blazers walichukua ubingwa 1977 katika mtoano wa kwanza wa historia ya klabu yao, baada ya kupoteza mechi mbili za mwanzo za fainali dhidi ya Philadelphia. Magic Johnson wa Lakers alikuwa na miaka 20 na msimu wake wa kwanza ulikuwa haujaisha mwaka 1980 alipofunga pointi 42 katika mechi ya sita ya fainali, ugenini, bila Kareem Abdul-Jabbar aliyekuwa majeruhi. Mwaka 1994 Denver Nuggets, timu changa yenye ushindi 42 tu, iliitoa Seattle yenye ushindi 63, na picha ya mchezaji wao Dikembe Mutombo wa Kinshasa akiwa amelala sakafuni ameukumbatia mpira bado ndiyo picha ninayoipenda kuliko zote za mtoano. Raundi ya kwanza enzi hizo ilikuwa ya mechi tano, na hilo linafaa kukumbukwa, kwa kuwa mechi zikiwa chache mkubwa hana muda wa kutosha kumchambua mdogo.

Na Warriors wenyewe, hao hao ambao 2022 waliitwa wazoefu, mwaka 2015 waliingia fainali bila mchezaji hata mmoja aliyewahi kucheza mechi ya fainali, dhidi ya Cleveland ya LeBron James aliyekuwa katika fainali yake ya tano mfululizo. Walikuwa nyuma kwa 2 kwa 1. Kabla ya mechi ya nne kocha Steve Kerr alimtoa kwenye kikosi cha kuanza mchezaji wao mrefu, Andrew Bogut, akamweka Andre Iguodala, na timu ikacheza bila mtu mrefu wa kudumu. Wazo hilo lilitoka kwa msaidizi wake kijana, Nick U'Ren, aliyelipata akitazama video za fainali ya mwaka uliotangulia. Timofey Mozgov wa Cleveland alifunga pointi 28 usiku ule kwa sababu hapakuwa na mtu wa kimo chake, lakini Warriors walishinda 103 kwa 82, hawakupoteza tena, na Iguodala akawa mchezaji bora wa fainali. Sidhani kwamba huo ulikuwa ushindi wa timu isiyo na uzoefu. Kerr alikuwa katika mwaka wake wa kwanza wa ukocha, lakini alikuwa na mataji matano kama mchezaji, matatu akiwa Chicago na mawili San Antonio, na alikuwa ameshakaa katika vyumba vya kubadilishia nguo vya makocha Phil Jackson na Gregg Popovich katika nyakati kama zile. Mtu aliyewahi kuona bingwa akibadilisha kikosi katikati ya fainali haogopi kubadilisha kikosi katikati ya fainali. Uzoefu unaweza kukaa kwenye benchi la ufundi, mradi kocha awe tayari kumsikiliza kijana mwenye kompyuta.

Kinyume chake pia ni kweli, na inanisikitisha kwamba husahaulika haraka. Mwaka mmoja tu baadaye, Warriors wakiwa mabingwa watetezi wenye ushindi 73 katika msimu wa kawaida, waliongoza fainali 3 kwa 1 na wakapoteza. Green alifungiwa mechi ya tano, Bogut akaumia katika mechi hiyohiyo. Majeraha na adhabu haviulizi mtu amecheza fainali ngapi. Mwaka 2019 timu hiyo ilikuwa katika fainali yake ya tano mfululizo, ikampoteza Durant katika mechi ya tano na Thompson katika ya sita, na Toronto wakachukua ubingwa.

Turudi Oklahoma, maana mji ule ulipata nafasi ya pili ya kujibu swali lilelile. Mwaka 2024 Thunder wapya, wakiongozwa na Shai Gilgeous-Alexander, Jalen Williams na Chet Holmgren, walimaliza wa kwanza katika Kanda ya Magharibi wakiwa timu changa kuliko zote zilizowahi kufanya hivyo. Katika raundi ya pili Dallas waliwatoa 4 kwa 2. Mechi ya sita Thunder waliongoza kwa zaidi ya pointi 15, wakafikiwa, na zikiwa zimebaki sekunde mbili na nusu Gilgeous-Alexander akamfanyia faulo P. J. Washington aliyekuwa akirusha kutoka mbali. Washington akatia mitupo huru miwili, Dallas wakashinda 117 kwa 116. Mengi yaliandikwa kuhusu faulo ile na ujana wa timu. Mimi nilikuwa namtazama Josh Giddey. Dallas walikuwa wamemwacha peke yake kwenye mstari wa pointi tatu mechi baada ya mechi, mlinzi wake akisimama karibu na kikapu kana kwamba Giddey hayupo, mpaka kocha Mark Daigneault akalazimika kumwondoa kwenye kikosi cha kuanza. Jambo la pili lilikuwa chini ya kikapu, ambako warefu wawili wa Dallas, Daniel Gafford na Dereck Lively, walichukua mipira ya kurudi walivyotaka.

Katika wiki sita hivi zilizofuata, meneja mkuu Sam Presti, yuleyule aliyemuuza Harden, alifanya mambo mawili. Alimpeleka Giddey Chicago akamchukua Alex Caruso, mlinzi aliyekuwa na ubingwa wa 2020 akiwa Lakers, na akamsajili Isaiah Hartenstein, mtu mrefu mwenye kazi ya ribaundi, yaani kuichukua mipira hiyo ya kurudi. Nguzo za timu hakuzigusa. Nimejaribu kutafuta timu nyingine iliyoijibu ripoti ya kutolewa moja kwa moja kiasi hicho, na sijaipata. Mwaka 2025, katika mechi ya saba dhidi ya Denver, Daigneault alimpa Caruso kazi ya kumkaba Nikola Jokić, mtu anayemzidi kimo kwa sentimita 15 hivi na uzito mkubwa zaidi, naye akamsumbua kwa mikono na kwa kumtangulia mbele ili pasi isimfikie. Thunder walishinda 125 kwa 93. Katika fainali dhidi ya Indiana walikuwa nyuma 2 kwa 1 na nyuma pia katika robo ya nne ya mechi ya nne, ugenini. Gilgeous-Alexander, yule wa faulo ya mwaka uliotangulia, alifunga pointi 15 katika dakika tano za mwisho. Walichukua ubingwa kwa mechi saba, wakiwa moja ya timu changa kuliko zote zilizowahi kuuchukua. Kama umri ungekuwa kipimo, wasingefika. Walikuwa na mwaka mmoja tu wa maumivu ya kweli, na huo uliwatosha.

Boston nao walijibu, kwa njia ndefu zaidi. Baada ya 2022 walitolewa tena 2023, safari hii na Miami, katika mechi ya saba nyumbani. Kisha wakamwachia Marcus Smart, kipenzi cha mji, wakawaleta Kristaps Porziņģis na Jrue Holiday, aliyekuwa bingwa na Milwaukee 2021. Sasa shambulizi la kwanza likizibwa palikuwa na la pili: mtu mrefu anayeweza kurusha juu ya mlinzi yeyote, na mtu mzima wa kuushika mpira Tatum akizingirwa. Mwaka 2024 walipoteza mechi tatu tu katika mtoano mzima, na Horford, akiwa na miaka 38, akapata pete yake ya ubingwa.

Katika hesabu za uzoefu kuna jambo dogo linalonisumbua, nalo linamhusu kijana anayetoka katika mji wa Kiswahili. Jonathan Kuminga alizaliwa Goma. Mwaka 2022, akiwa na miaka 19 na akichezea Warriors, alianza mechi ya mtoano dhidi ya Memphis na kuwa mchezaji mdogo kuliko wote kuwahi kuanza mechi ya hatua hiyo, na mwezi uliofuata alikuwa bingwa, ingawa katika fainali alikaa benchi karibu muda wote. Tangu hapo majedwali humhesabu kuwa mchezaji mwenye uzoefu wa ubingwa. Lakini Mei 2025, Curry alipoumia msuli wa paja dhidi ya Minnesota na Kuminga akaitwa kubeba mashambulizi na kufunga pointi 30 katika mechi ya tatu, kile alichokuwa anakifanya hakikuwa na uhusiano na pete ya 2022. Mwaka 2022 hakuna mpinzani aliyeamka asubuhi akipanga namna ya kumzuia yeye. Hiyo kwangu ndiyo tofauti kati ya kuwapo na kupitia, na majedwali hayana safu ya kuionyesha.

Kwetu Afrika Mashariki maswali haya yamesogea karibu tangu Ligi ya Mpira wa Kikapu ya Afrika, BAL, ilipoanza Mei 2021 katika uwanja wa Kigali ambao sasa unaitwa BK Arena. Huko mtoano ni wa mechi moja: ukifungwa usiku huo umekwenda nyumbani. Nilitarajia kwamba katika mfumo kama huo uzoefu ungekuwa na nguvu ndogo, kwa kuwa hakuna mechi ya pili ya kurekebisha mambo. Hata hivyo US Monastir wa Tunisia walifungwa na Zamalek katika fainali ya 2021 na kuchukua ubingwa 2022. Waliofungwa na Monastir mwaka huo walikuwa Petro de Luanda wa Angola, ambao mwaka 2021 walikuwa wa tatu, na ambao Juni 2024, palepale Kigali, waliifunga Al Ahly ya Libya 107 kwa 94 na kuwa mabingwa wa kwanza kutoka kusini mwa Sahara. Petro hukodi wageni kama wengine, lakini wana kiini cha Waangola, akina Childe Dundão na Carlos Morais, waliobeba kumbukumbu ya kushindwa kule kutoka msimu hadi msimu.

Hapo ndipo wasiwasi wangu kuhusu klabu zetu unapoanzia. Klabu nyingi za ukanda wetu zinazofika BAL husajili wachezaji wa kigeni kwa ajili ya msimu mmoja, na msimu ukiisha wageni hao huondoka na kila walichojifunza kuhusu namna timu za Afrika Kaskazini zinavyokaba na zinavyopunguza kasi ya mchezo dakika za mwisho. Mwaka unaofuata huja wengine, nao huanza alifu. Nairobi City Thunder walipofuzu kwa msimu wa 2025, klabu ya kwanza ya Kenya kufika hatua hiyo, furaha ilikuwa kubwa na ilistahili. Nitakachokitazama kwao, na kwa klabu za Kigali, Kampala na Dar es Salaam, ni wachezaji wangapi wa nyumbani waliokuwa uwanjani katika dakika tano za mwisho za mechi waliyofungwa, na wangapi kati ya hao bado wamo kwenye kikosi klabu inaporudi.